Nilisema Mtambo Hauna Kasoro

Mjomba wangu hajawahi kuonja pombe maishani mwake. Hata siku ya harusi yake alikunywa soda.

Lakini kuna siku, saa nne asubuhi, mbele ya watu watano waliovaa kiofisi, sauti yake ilitoka kwenye spika ikiwa imelewa chakari.

Mwenyewe alikuwa amekaa pale pale, mzima, ananukia sabuni, anaisikiliza.

Aliyebonyeza kitufe nilikuwa mimi.

Najua kuna watu mnapenda kukimbilia kwenye maoni kutukana kabla hamjamaliza kusoma. Nitukaneni, nastahili. Ila nisomeni kwanza.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Nilikuwa nimeajiriwa na kampuni moja ya malori, ofisi yetu ipo juu ya karakana, kwa hiyo kutwa nzima unafanya kazi huku sakafu inatetemeka na shati linanuka dizeli. Kompyuta kumi na moja, printa mbili zenye kisirani, na mimi peke yangu.

Kazi ile alinitafutia mjomba.

Baba alifariki nikiwa darasa la tatu. Mjomba akanichukua, akanilea pamoja na wanawe, sikuwahi kuona sahani yangu ikiwa tofauti na zao. Nilipomaliza chuo nikakaa nyumbani mwaka mzima nahesabu mabati, yeye ndiye aliyekwenda kwa wakubwa wa kampuni, akavua kofia, akasema, "Nina kijana wangu, mjaribuni."

Wakanijaribu. Nikabaki.

Pale kazini madereva wenzake walimwita Gia Mbili, kwa sababu alikuwa anaendesha lori kama amebeba mayai. Walikuwa wanamtania sana. "Gia Mbili, mzigo wa juzi umeshafika au bado uko njiani?" Yeye anacheka tu. Miaka ishirini na sita hajakwaruza hata taa.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyokuwa yanakwenda.

Dereva akipata shida kabla ofisi haijafunguliwa, anapiga namba ya ofisi na kuacha ujumbe wa sauti. Ujumbe unajihifadhi kwenye kompyuta. Asubuhi dada wa mapokezi anausikiliza, anapeleka taarifa kwa anayehusika. Mfumo ule ni wa kizamani, niliukuta, na haukuwahi kumsumbua mtu.

Mpaka nilipouchokoza mimi.

Jumatatu moja nilikuwa sina kazi. Programu ya kuchezea sauti ikaniletea tangazo: toleo jipya lipo. Nikalitazama, lina sura nzuri, lina vitufe vinavyong'aa. Kiherehere kikanipanda. Nikaliweka kwenye kompyuta kumi kwa mpigo.

Ya kumi na moja, ya dada wa mapokezi, nikaiacha. Ilikuwa kikongwe, nikaona ikibebeshwa kitu kipya itanifia mkononi.

Nikajaribu kazi yangu kwa kupiga muziki. Besi ikatoka safi, mpaka mhasibu akachungulia mlangoni kuuliza kama kuna sherehe. Nikaridhika, nikaenda kunywa chai.

Sikujaribu ujumbe wa dereva. Hata mmoja, jamani.

Alhamisi ya wiki hiyo hiyo, lori la mjomba likashindwa kusimama kwenye mteremko wa kuingilia ghala la mteja. Likabomoa geti, likagonga kibanda. Mlinzi akavunjika mguu. Mjomba akavunjika mkono wa kushoto. Bahati ni ule mwendo wake, la sivyo tungezika watu.

Siku ile hakuna aliyetaja pombe. Si polisi, si daktari, si mlinzi mwenyewe. Naomba hilo mlikumbuke.

Jumanne iliyofuata kikaitishwa kikao cha nidhamu. Wajumbe watano, meneja ndiye mwenyekiti. Mjomba akaja na mkono wake kwenye bandeji, amenyoa ndevu, amevaa shati jeupe la kwendea ibadani.

Akaeleza kwa ufupi tu.

"Saa kumi na moja alfajiri nilipolikagua gari nikaona breki haishiki. Nikapiga ofisini nikaacha ujumbe kwamba sitoki mpaka fundi aje. Saa moja meneja akanipigia, akaniambia nitoke, mzigo unasubiriwa. Nikamwambia habari ya breki. Akasema niende nalo polepole, nitamkuta fundi mbele ya safari."

Meneja akatikisa kichwa. "Mimi sijaambiwa habari ya breki hata siku moja. Nilimpigia kumuuliza mbona amechelewa."

"Ujumbe upo," mjomba akasema. "Usikilizwe."

"Fundi aitwe."

Nikaingia na kompyuta kwapani na spika mkononi. Nisiwafiche, nilijisikia. Shati nimelipiga pasi, wakubwa wote wananisubiri mimi. Mjomba akanitupia jicho, nikaona amepumua, kama mtu aliyeona ndugu yake kwenye foleni ndefu.

Nikafungua ujumbe. Nikabonyeza.

Mungu wangu.

Sauti ilikuwa nzito, inaburuzika, maneno yanapandana. Inakwaruza, inazama, inaibuka. Ulikuwa husikii breki, husikii fundi. Ulikuwa unasikia mtu mzima anagugumia kitu kisichoeleweka saa kumi na moja alfajiri, kisha anakohoa, kisha kimya.

Mama wa utumishi akaweka mkono mdomoni. Mjumbe mmoja akashindwa kujizuia, akacheka puani.

"Kumbe," meneja akasema taratibu. "Kumbe ndiyo hali aliyokuwa nayo."

"Hiyo siyo sauti yangu," mjomba akasema.

"Namba ni yako, mzee. Saa ni hiyo hiyo uliyoitaja wewe mwenyewe."

"Sauti yangu haiko hivyo. Mimi sinywi."

Mama wa utumishi, naye si mtu mbaya, akanigeukia. "Fundi, hicho chombo chako hakina hitilafu? Mtambo una kasoro yoyote?"

Hapo ndipo maisha ya mjomba wangu yalipokuwa yananing'inia. Ningesema "ngoja nikague", wangeningoja. Ningesema "sijui", wangeahirisha. Lakini ofisi nzima ilikuwa haijawahi kusubiri neno kutoka mdomoni mwangu, na mimi ndiye niliyeuweka mtambo ule kwa mikono yangu siku nane kabla. Nikiri una kasoro, sura yangu naiweka wapi?

"Hauna kasoro," nikasema. "Nimeujaribu mwenyewe."

Mjomba akanigeukia. Hakukasirika. Alinitazama tu, kwa muda, halafu akaangalia bandeji yake.



Wakamfukuza siku ile ile. Taarifa ikapelekwa kwa wahusika kwamba alikuwa amelewa akiwa kazini, leseni ikafungiwa. Miaka ishirini na sita ikamalizwa na karatasi moja.

Na mimi niliamini. Ndilo linalonitafuna mpaka leo. Nilimjua mtu huyu tangu nina miaka tisa, lakini nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu, "Yawezekana alianza ukubwani, watu wana siri zao." Mke wangu akaniangalia vibaya, akasema, "Mjomba? Huyu huyu mjomba?" Nikamwambia aache ubishi, nimesikia kwa masikio yangu.

Habari zikasambaa kama kawaida ya habari mbaya. Watu waliokuwa wanamsalimia kwa heshima wakaanza kumsalimia kwa kumchungulia macho kama ni mekundu. Kwenye ibada alikuwa kila mara anaombwa asimame mbele kuwaongoza wenzake. Wakaacha kumwomba.

Mkaza mjomba ndiye aliyeniumiza zaidi. Alikuwa anafunua godoro kutafuta chupa. Mjomba akimaliza kunywa maji, yeye ananusa kikombe. Chupa hakupata, ila kutopata nako akakuona ni ujanja. Mwezi wa pili akafunga nguo zake akaenda kukaa kwa binti yao.

"Miaka yote hii," aliniambia siku ninambebea mzigo, "nimelala na mtu nisiyemjua."

Nikambebea mzigo, nikamsindikiza. 

Wiki ya saba baada ya kikao, mhasibu akaniita chumbani kwake anacheka.

"Fundi, hivi siku hizi madereva wote wameanza kulewa?"

"Kwa nini?"

"Njoo usikie."

Akanichezea ujumbe wa dereva mmoja mwanamama, mtu wa sala tano na mtandio, anaulizia karatasi za mzigo. Sauti inaburuzika, inakwaruza, maneno yanapandana. Mlevi mtupu.

Mhasibu anacheka mpaka anafuta machozi. Mimi namwomba aurudie.

Nikaanza kuhangaika. Nikabadilisha spika, vile vile. Nikabadilisha waya, nikavaa hedifoni, nikazima na kuwasha, nikazima kila kitufe kinachong'aa kwenye ile programu. Vile vile. Nikapiga muziki, ukatoka safi. Nikarudi kwenye ujumbe, mlevi.

Nikaelewa. Toleo jipya linaujua muziki, ila sauti za ule mfumo wetu wa kizamani halizijui, linazisoma ovyo. Spika hazikuwa na tatizo. Tatizo nililileta mimi, Jumatatu ile, nikiwa sina kazi.

Nilihitaji toleo la zamani, na lilikuwa limebaki sehemu moja tu. Nikashuka mapokezi.

"Dada, naomba nikae kwenye kompyuta yako kidogo. Kuna programu nataka kuinakili."

"Ipi?"

"Ya kuchezea sauti. Ile ya zamani."

Akaacha kuandika. Dada huyu alikuwa ameacha kunisalimia wiki nyingi, nikadhani ana mambo yake ya nyumbani.

"Wiki saba," akasema. "Nilikuwa najiuliza utakuja lini."

Akanipisha kiti, akatoka nje. Sikumwelewa, na sikutaka kumwelewa.

Nikapanda na flashi yangu. Nikaondoa toleo jipya, nikaweka la zamani, nikawasha upya. Kumbe lile jipya limejirudisha lenyewe, programu ina kiburi kuliko mwenye nayo. Nikaliondoa tena, nikafuta na mabaki yake yote, nikazima kile kipengele cha kujisasisha, nikaweka la zamani mara ya pili. Haikufika nusu saa.

Ujumbe wa yule mwanamama ukatoka safi kama yuko chumbani.

Nikakaa nikilitazama faili la mjomba. Kidole kinakataa. Mwisho nikabonyeza.

"Habari za asubuhi. Ni mimi, Gia Mbili. Nimelikagua gari, breki ya nyuma haishiki kabisa. Sitoki nalo, litaua mtu. Naomba mnitumie fundi, nipo hapa hapa maegesho namsubiri. Samahanini kwa usumbufu."

Halafu akakohoa. Ni kile kikohozi chake cha asubuhi, ninachokijua tangu utotoni.

Nililia, ndugu zangu. Nilifunga mlango nikalia mpaka nikapaliwa.

Nikaenda kwa meneja na ile kompyuta. Akasikiliza mpaka mwisho, hakubadilika uso. Akafunga kompyuta kwa mkono wake.

"Nani mwingine amesikia?"

"Hakuna, bosi."

"Nani alituambia mtambo hauna kasoro?"

"Mimi, bosi."

"Ukitaka, niitishe kikao upya kesho asubuhi. Nitawaeleza wajumbe kwamba fundi aliwadanganya. Barua ya kwanza itakuwa yako. Mkeo ana mimba ya miezi mingapi?"

"Saba."

"Basi nenda ukafikirie."

Yeye alikuwa anajiokoa mwenyewe, kwa sababu ujumbe ule ulimaanisha alimtoa mtu barabarani bila breki. Nilijua hivyo. Nikarudi mezani kwangu, nikafikiria, na nikajikausha.

Sitawapa visingizio. Nilijikausha miezi minne.

Mtoto akazaliwa. Mjomba akaja kumwona, amekonda, mkono umepona ila umepinda kidogo. Akampakata, akamnong'oneza sikioni, akacheka kwa mara ya kwanza tangu mambo yale yaanze. Nilikuwa nimekaa mbele yake, hatua mbili tu. Nikaomba udhuru, nikaenda uani nikasimama karibu na ndoo mpaka alipoaga.

Kilichonitoa ni simu ya binamu yangu, yule binti yake. "Kaka, mama amesema harudi tena. Anataka twende tukachukue vyombo vyake vilivyobaki. Utatusaidia kubeba?"

Nikaona hapana. Mara hii sibebi.

Nikachukua kompyuta nikaenda kwa mjomba. Nilimkuta sebuleni, anashona kiatu chake mwenyewe.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Mjomba, nina kitu nataka usikie."

Nikabonyeza. Sauti yake ikajaa chumba, safi, ya mtu mwenye akili timamu anayeomba fundi. Nilikuwa nimejiandaa kwa makofi, kwa machozi, kwa kufukuzwa.

Akakata uzi kwa meno.

"Ndiyo hivyo," akasema.

Kisha akachukua simu yake mezani, akabonyeza bonyeza, akaiweka mbele yangu. "Habari za asubuhi. Ni mimi, Gia Mbili…"

Ujumbe ule ule. Safi vile vile.

"Umeupata wapi?"

"Yule binti wa mapokezi. Kwake haukuwa na shida, aliusikia vizuri siku ile ile ya ajali, ila alipofungua ofisi nilikuwa nimeshatoka. Aliposikia nimefukuzwa kwa ulevi akashangaa, kesho yake akaniletea hapa, analia. Alitaka tuende naye kwa mama wa utumishi."

"Kesho yake?" nikauliza. "Ulikuwa nao muda wote huu? Kwa nini hukuupeleka?"

Akanitazama kama nimeuliza kitu cha kitoto.

"Wewe ulishasema mbele ya watu kwamba mtambo hauna kasoro. Ningeutoa huu, wangekufukuza siku hiyo hiyo, na mkeo ana mimba. Mimi nimeshazeeka, ilikuwa imebaki kama miaka mitatu nistaafu. Nikamwambia yule binti anyamaze. Nikajua wewe mwenyewe utagundua, utakuja."

Akavaa kiatu, akakijaribu kwa kukanyaga sakafu.

"Nikawa nasubiri uje."

Sikuweza kumwambia kwamba niligundua miezi minne iliyopita. Lakini nadhani alijua. Mtu anayekulea anajua.

"Na mkaza mjomba?" nikauliza. "Yeye si ungemsikilizisha? Angebaki."

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika.

"Nilimwambia sijanywa. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mtu niliyezaa naye watoto wanne. Akaamini spika." Akainamia kiatu cha pili. "Ningemwonyesha simu, angeiamini simu. Mimi bado angekuwa hajaniamini."

Siku ile nilipotoka pale sikwenda nyumbani. Nilipitia kwa wajumbe mmoja mmoja na kompyuta yangu, nikawachezea, nikawaambia niliwaongopea. Kesho yake nikafukuzwa, na meneja akahamishiwa tawi lingine akiwa na cheo kile kile. Mjomba akaandikiwa barua, mama wa utumishi aliniambia ni mistari mitatu tu, kwamba kampuni inasikitika. Aliiweka juu ya kabati bila kuifungua.

Wa mwisho alikuwa mkaza mjomba. Alisikiliza mara moja tu, akajifunika uso kwa kanga, akaanza kulia kwa kwikwi. Jioni ile ile akafunga nguo zake, nikambebea tena mzigo ule ule, safari hii kumrudisha.

Nilitegemea mlango utafunguliwa kwa furaha. Nilikuwa nimeshaipanga furaha hiyo kichwani njia nzima.

Mjomba alifungua, akamsalimia vizuri sana. Akamvutia kiti. Akapangusa vumbi kwa kiganja, akasema, "Karibu ukae," kisha akaingia jikoni kumtafutia maji ya kunywa, kama unavyomtafutia mgeni.

Mkaza mjomba alikaa kwenye ncha ya kile kiti na mkoba magotini. Mwaka sasa umepita. Wanaishi pamoja, hawagombani. Bado anamvutia kiti.

Nyinyi mnaofanya kazi za watu, za kompyuta, za umeme, za hospitali, za chochote, mchukue hili kwangu. Siku mtakapoulizwa kama kazi yenu ina kasoro na hamjaikagua, semeni hamjui. Mimi nilikuwa na nafasi ya kusema "sijui" mbele ya watu watano, na ningeaibika labda dakika mbili.